Nani Alikuwa na Gari Letu Kwa Sadala?

Faini ya barabarani ni karatasi ndogo, lakini ina tarehe, ina saa na ina mahali. Mhariri wako anasimulia jinsi notifikesheni tatu zilivyoingia ndani ya ndoa yake siku mbili kabla ya Krismasi, na aliyojifunza kuhusu kulipa, kupinga na kutafuta kumbukumbu za kesi.

Mpenzi msomaji, kama umeolewa Kilimanjaro, au umeoa huko, au wewe mwenyewe ni mtoto wa migombani, safari ya Krismasi huhitaji kusimuliwa. Mnatoka Dar usiku wa manane. Gari limejaa mchele, mafuta ya kupikia, vitenge vya mama mkwe, na watoto wamelaliana kiti cha nyuma. Kilomita zaidi ya 500, na karibu kila kijiji mnachopita kina kibao chake cha 50.

Yetu ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Desemba 2023. Moshi mjini tulipita mchana, tukateremka Kikafu, tukapanda upande wa pili, na hao tukaikaribia Kwa Sadala. Wanaopajua wanajua: soko, mikungu ya ndizi imepangwa chini, akina mama na ndoo za parachichi, bodaboda kila kona, na Noah zinazoita abiria wa Masama. Pale ndipo na sisi tunapokata kulia kwenda kwa wakwe zangu.

Kibao cha 50 nilikiona. Mume wangu naye alikiona. Lakini si unajua tena mtu akishanusa kwao? Mguu unakuwa mzito wenyewe.

Mbele yetu akatokea trafiki na sare yake nyeupe, mkono juu.

"Habari za safari, kaka. Dada, za kwako."

"Salama, afande."

"Tunakimbilia wapi?"

"Nyumbani tu afande, hapo juu Masama."

"Nyumbani hapakimbii," akasema, akatuonyesha picha kwenye simu. Ni sisi, namba ya gari inasomeka vizuri, na pembeni imeandikwa 63. Mwenzake alikuwa ametupiga tochi huko nyuma, kisha akamrushia picha. "Naomba leseni."

Hadi hapo hakuna jipya. Mume wangu akakiri kosa, akatoa leseni, akauliza ni elfu 30 au imepanda. Mimi tayari nilikuwa nimeandaa hotuba yangu ile ya kila siku: nilikwambia, hunisikilizi, una watoto humu ndani. Nikawa nasubiri tuondoke tu nianze.

Afande akabonyeza kimashine chake. Akanyamaza. Akabonyeza tena.

"Kaka, gari hili linadaiwa. Kuna notifikesheni tatu hazijalipwa."

Tatu? Mbona tatu?

Mume wangu alinigeukia taratibu. Nilitamani kiti kinimeze.

Ngoja nikuambie ukweli, maana hapa ndipo mahali pake. Mbili zilikuwa zangu. Ya kwanza niliipata mwezi wa sita, Barabara ya Bagamoyo, nilipita taa zikiwa zimeshageuka nyekundu. Ya pili wiki tatu baadaye, mkanda. Zote mbili nilizikunja, nikaziweka kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wangu, nikajiambia mshahara ukitoka nitalipa kimyakimya. Mshahara ukatoka. Ukaisha. Karatasi zikabaki mkobani.

Kwa nini sikumwambia? Aibu. Mimi ndiye mwalimu wa usalama barabarani katika nyumba yetu. Mimi ndiye ninayekanyaga breki ya hewani kila akilipita lori. Sasa nianzie wapi kusema nimekamatwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja?

"Mbili ni zangu," nikasema, sauti haitoki vizuri.

Akacheka. Jamani, alicheka! Nikajua nimepona. Lakini afande alikuwa bado anasoma.

"Na hii ya tatu ni ya hapahapa. Kwa Sadala, tarehe 17 mwezi wa nane. Mwendokasi."

Kicheko kikakatika. Safari hii mimi ndiye niliyegeuka.

Tarehe 17 Agosti ilikuwa Alhamisi. Naikumbuka vizuri wiki ile, kwa sababu ndiyo wiki ambayo mume wangu alikuwa Dodoma kikazi. Begi nilimpangia mimi, mashati matatu na suruali mbili. Jumatano aliondoka na gari, Jumamosi akarudi. Na zabibu aliniletea! Mfuko mzima. Nikazigawa hadi kwa majirani, nikajisifu kwamba mzee katoka Dodoma.

Sasa Dodoma na Kwa Sadala wapi na wapi?

Hakusema kitu. Akatoa simu akalipa. Za zamani tatu zilikuwa zimeshaongezeka, kila moja imetoka 30,000 na kufika 37,500, jumla 112,500. Ya siku ile 30,000. Shilingi 142,500 zikatoka hapohapo kando ya barabara, mbele ya wauza parachichi, na ilikuwa hela ya mbuzi wa Krismasi.

Afande akaturudishia leseni, akatutakia sikukuu njema. Tukakata kulia kupanda Masama. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka tunaingia kihambani.

Usiku wa Masama

Kugombana ugenini kuna taabu yake, na kwa wakwe ndiyo zaidi. Ukuta ni mwembamba, watoto wamelala na bibi yao chumba cha pili, na wewe ni mkamwana, huwezi kupaza sauti. Nililala nimegeukia ukutani, simu mkononi, mwanga nimeupunguza.

Nikafungua mfumo wa Jeshi la Polisi wa kuangalia madeni ya magari, unaoitwa TMS. Miezi yote ile sikuwahi kuufungua, kwa sababu nilijua nitakachokikuta. Nikaingiza namba ya gari. Zikaja zote nne, zikiwa zimeshalipwa: namba ya notifikesheni, tarehe, namba ya leseni, mahali, kosa, faini na nyongeza.

Namba ya leseni ya dereva. Hapo ndipo nilipoinuka kitandani polepole, nikachukua pochi yake mezani, nikatoa leseni yake nikalinganisha. Hakuwa fundi. Hakuwa rafiki aliyeazimwa gari. Alikuwa yeye.

Mwenzangu msomaji, sijui wewe ungewaza nini. Mimi niliwaza unachowaza wewe. Nilimvalisha huyo mwanamke hadi nguo. Nikamjengea nyumba pale Bomang'ombe, nikampa na mtoto. Saa nane za usiku mawazo hayana breki.

Mwisho nikamtikisa.

"Tarehe 17 ulikuwa kwa nani?"

Hakuuliza tarehe 17 ya lini. Alikaa, akawasha taa ya simu, akasema, "Kwa mama."

"Kwa mama yupi?"

"Kwa mama, mama. Nilimpeleka KCMC. Macho."

Akanieleza. Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, amelificha kwa muda mrefu. Alianguka mara mbili akienda kukata majani ya ng'ombe. Mwezi wa nane ndipo alipokubali kupelekwa hospitali, kwa sharti moja: mkwe asijue.

"Kwa nini mimi nisijue?"

Akakaa kimya kidogo. "Unakumbuka Pasaka ulisema nini? Alisikia."

Nilikumbuka. Pasaka ile tulikuwa hapahapa, tunahesabu ada, na nilisema kwa sauti ambayo sikuipima, "Kila mwezi ni Masama, Masama, sisi tutajenga lini?" Nilidhani mama yuko jikoni. Kumbe alikuwa upenuni.

"Na zabibu?" nikauliza, maana sikuwa na kingine cha kuuliza.

"Nilinunua Mwenge," akasema.

Tulicheka kwa kujifunika blanketi usoni, kisha mimi nikalia.

Mtori wa asubuhi

Asubuhi nilimkuta mama mkwe jikoni, mtori unachemka, ungo wa maharage mapajani. Anachambua mwenyewe, kokoto moja moja anaitupa pembeni. Mwaka mmoja kabla, kazi hiyo alikuwa anawaita wajukuu. Na mimi nililiona hilo, nikadhani anawafundisha kazi.

Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda kando yake, nikashika upande wa pili wa ungo.

"Mama, macho yanaendeleaje?"

Hakushtuka. Akatupa kokoto nyingine. "Nakuona vizuri sasa," akasema. "Umekonda."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote kuhusu jambo lile. Kuomba msamaha nilimwomba, yeye akanipa bakuli la mtori. Wanaowajua akina mama wa kule wanajua kwamba nilijibiwa.

Ninachotaka ukione ni hiki. Karatasi zile za shilingi 30,000 hazikuleta siri yoyote ndani ya nyumba yetu. Siri zilikuwepo. Mimi nilikuwa na zangu mbili kwenye mkoba, yeye alikuwa na yake Dodoma. Kumbukumbu za faini zilisema tu kile ambacho kila mmoja wetu alitakiwa akiseme mwenyewe, tena mezani, si kando ya barabara mbele ya afande.

Shemeji na kesi ya Noah

Stori ya faini ilipoenea pale nyumbani (na katika kihamba cha Wachagga inaenea kabla chai haijapoa), shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akacheka. "Nyie mmelipa yakaisha. Mimi niliitafuta kesi yangu kama mbuzi aliyepotea."

Shemeji ni dereva. Mwaka 2021 alikuwa akiendesha Noah ya abiria, akagongana na pikipiki. Mwenye pikipiki aliumia mguu, akapona. Shemeji akashtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe. Hii si ile ya notifikesheni: mtu akiumia, jambo linaweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Yeye alikana kosa, akawekewa dhamana, akahudhuria tarehe zote, na mwisho hakimu akamwachia huru kwa kuwa mashtaka hayakuthibitishwa.

Akafurahi, akaichana hati ya mashtaka, akasahau.

Miaka miwili baadaye akapata kazi nzuri zaidi, kuendesha gari la watalii. Tajiri mpya alikuwa amesikia kwamba huyu kijana aliwahi kuwa na kesi ya kugonga. Akamwambia, niletee karatasi inayoonyesha kesi iliishaje. Shemeji akaenda mahakama ya wilaya pale Bomang'ombe, masijala. Karani akamuuliza swali moja: namba ya kesi?

Hana. Mwezi anaukumbuka kwa kubahatisha. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na tajiri anasubiri.

Aliyemwokoa ni shangazi yake, ambaye ndiye alimdhamini. Shangazi alikuwa ameihifadhi karatasi ya dhamana ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Namba ya kesi ilikuwa juu kabisa. Aliporudi nayo masijala, jalada likapatikana, akaomba nakala ya hukumu, akaipata, na kazi akaipata.

Sasa kila karatasi anampelekea shangazi.

Ukipewa notifikesheni, fanya hivi

Baada ya sikukuu niliwauliza wanasheria na madereva wazoefu, maana niliona aibu kuwa mhariri msomi asiyejua karatasi aliyonayo mkobani. Haya ndiyo niliyotoka nayo.

Isome palepale. Usiikunje. Angalia namba ya gari, namba ya leseni, mahali, tarehe na saa, kosa lililoandikwa, na kiasi. Kwa magari, 30,000 kwa kila kosa ndicho kiwango tulichokizoea kwa miaka mingi. Bodaboda na bajaji zilipunguziwa hadi 10,000 mwaka 2021. Kama makosa yaliyoandikwa ni mawili, uliza ni yapi. Kama ni tochi, omba kwa heshima uone picha: namba ya gari, mwendo na saa. Kumuuliza afande si kubishana naye.

Amua: unakubali au unakataa. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, notifikesheni ni nafasi unayopewa ya kulimaliza kosa kwa kulipa faini bila kupelekwa mahakamani. Ukilipa, limekwisha. Kwa hiyo kama kweli umekosa, lipa uendelee na maisha yako. Kama una hakika hukukosa, sema hivyo mapema na kwa upole. Usilipe kwanza halafu uanze kudai haki yako, hapo unakuwa umeshafunga mlango wewe mwenyewe.

Ukikataa, kusanya ushahidi siku hiyohiyo. Piga picha kibao kilivyo, au mahali ambapo kibao hakipo. Andika saa. Andika majina ya abiria wako walioona. Kama ni tatizo la karatasi tu, mfano namba ya gari imekosewa herufi moja, anza kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya iliyokuandikia. Si kila jambo linahitaji hakimu.

Lipa kwa namba ya malipo tu. Ile tunayoiita kontroo namba. Unalipa benki au kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha unautunza. Hela haiendi kwenye namba ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni mpole na ana haraka kuliko wewe. Na wewe pia usimjaribu. Mimi nawajua wanaosema "tumalizane hapahapa" kisha wanalalamika nchi imeharibika. Anayekuomba au kukulazimisha, namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.

Usikae nayo. Muda wa kulipa unahesabika kuanzia siku ulipoandikiwa. Ukiupitisha, deni linaongezeka. Mimi na mume wangu tulitupa 22,500 kwa kunyamaza tu.

Angalia deni kabla hujaulizwa. Mfumo uko kwenye tms.tpf.go.tz. Unaweza kutafuta kwa namba ya gari, kwa leseni, au kwa namba ya notifikesheni yenyewe. Fanya hivyo kabla ya safari ndefu, kabla ya kuuza gari, na zaidi kabla ya kununua. Wapenzi wengi wachanga wananunua gari la mkononi kwa furaha, wanapiga picha na funguo, hawaangalii kama gari linadaiwa. Na ukishanunua, kamilisha kubadili jina la mmiliki TRA haraka, vinginevyo makosa ya mwenye gari mpya yatamfuata mwenye gari wa zamani, na simu mtapigiana usiku.

Ikifika mahakamani

Neno mahakama linatutisha wengi. Tunaona kama ukikanyaga pale umeshakuwa mhalifu. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 13, inasema mtu asihesabiwe kuwa na hatia mpaka ithibitike. Utasomewa mashtaka, utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Ukikiri, maelezo ya kosa yanasomwa na adhabu inatolewa. Ukikana, kesi inapangiwa tarehe, mashahidi wanaitwa, na wewe unapata nafasi ya kuwauliza maswali na kuleta wako. Wakili unaweza kuwa naye, si lazima. Na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo ile hofu ya "sitaelewa wanachosema" imepungua.

Usichopaswa kufanya ni kutokwenda. Ukidhaminiwa na shangazi halafu ukapotea, unamtia shangazi matatani.

Usiporidhika na hukumu ya mahakama ya wilaya, unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Kwa watu wa Hai ni Moshi mjini. Siku hazisubiri: unatoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Ndiyo maana nakala ya hukumu unaiomba mapema, si mwezi unaofuata.

Pima pia faida. Kubishania 30,000 kunaweza kukugharimu nauli na siku za kazi, hasa kama unaishi Dar na kesi iko Hai. Wapo wanaosema heri nilipe. Wapo kama shemeji, ambao leseni ndiyo jembe lao, na kwao jina safi lina thamani kuliko nauli. Hilo mkae mlijadili wawili. Usimwamulie mwenzako kishujaa, wala usimkatishe tamaa.

Kumbukumbu za kesi zinapatikanaje?

Jifunze kwa shemeji. Kila kesi ina namba na mwaka, na ina jina la mshtakiwa. Kesi za barabarani huwa na orodha yake: utaona imeandikwa kesi ya trafiki namba fulani ya mwaka fulani. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Ukiwa nayo, unakwenda masijala ya mahakama ileile iliyosikiliza kesi, unaomba kuona jalada lako au kupewa nakala ya hukumu, na ombi linakuwa la maandishi. Ukiwa huna, beba kila unachokumbuka: jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye hati, mwezi, jina la hakimu, kituo cha polisi kilichopeleka kesi. Stakabadhi ya faini na karatasi ya dhamana navyo vinasaidia.

Kama kesi ilifika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, jaribu pia TanzLII, mtandao wa Mahakama ya Tanzania wa kuchapisha hukumu, kwenye tanzlii.org. Ni bure, unatafuta kwa jina au namba. Usitegemee kuikuta kila kesi ndogo ya wilayani humo. Hiyo bado njia yake ya uhakika ni masijala.

Na usichanganye vitu viwili. Notifikesheni uliyolipa iko kwenye mfumo wa polisi, haina namba ya kesi. Kesi iliyosikilizwa iko mahakamani. Watu wengi wanazunguka kwa sababu wanaitafuta ya huku kule.

Tulichokubaliana

Tulirudi Dar tarehe 2 Januari, gari limejaa mikungu ya ndizi, maparachichi na gunia la maharage yaliyochambuliwa na mama mwenyewe. Mbuzi wa Krismasi alikuwa mdogo, lakini alitosha.

Kabla ya kuondoka mume wangu aliniuliza kama kuna kingine mkobani. Nikaumimina mkoba wote kitandani. Risiti, lipstiki mbili, kitana cha mtoto. Mimi nikamuuliza kama kuna Dodoma nyingine. Akasema kuna deni la benki dogo alilolichukua kwa ajili ya macho ya mama, limebaki miezi minne. Akanionyesha karatasi.

Sikufurahi, sitakudanganya. Miezi minne ni miezi minne. Lakini nililisikia kwake, na tukaligawa mara mbili.

Sasa kila mwanzo wa mwezi, tukishamaliza kulipa bili za nyumba, tunaingiza namba ya gari kwenye TMS tukiwa wote wawili. Mara nyingi hakuna kitu. Mwezi wa tano mwaka uliofuata palikuwa na moja, ya kwangu, zebra ya Mwenge. Nilikuwa nimeshamwambia jioni ileile.

Na pale Kwa Sadala, siku ile ya kurudi, mume wangu alipita na 45. Trafiki alikuwepo, sare nyeupe, mwingine siyo yule. Akatupungia mkono tupite. Nyuma yetu lori likapiga honi likitaka tuondoke njiani. Mume wangu hakuongeza mwendo, na mimi kwa mara ya kwanza sikuwa na hotuba.

Wewe je, mpenzi msomaji? Mara ya mwisho kuangalia deni la gari lenu ilikuwa lini? Na ukilikuta, nani atakuwa wa kwanza kuambiwa?